Kambare wa Sebuleni

Siku ya tisa tangu Zuhura na mumewe Makame waache kusemeshana, kambare wao wa tangi la sebuleni aliota utando mweupe mdomoni. Kufika adhuhuri ulikuwa umeshatambaa hadi mgongoni.

Muuza samaki wa mapambo alimpa Zuhura chupa ya dawa. "Mama, kambare hana magamba, dawa inamwingia upesi. Mtilie nusu kifuniko. Ukizidisha, utamuua."

Alitia nusu. Alipokwenda kuiweka chupa kabatini, akaikuta nyingine kama hiyo, imeshafunguliwa.

Alirudi mbio. Makame alikuwa ameinama mbele ya tangi. Kambare alielea juu, anatweta.

"Ulimtilia?" Zuhura aliuliza.

"Nusu, asubuhi." Makame aliiona chupa mkononi mwake. "Na wewe?"

Zuhura aliiweka chupa chini. Alishika ndoo, akaanza kuchota maji ya tangi. Makame akaleta maji safi kutoka pipani.

"Taratibu," alisema Zuhura.

"Haya."

Walipomaliza, kambare alishuka chini akatulia. Makame alibandika kiganja kwenye kioo. Upande wa pili, kiganja cha Zuhura kilikuwa kimeshatangulia. Katikati yao, sharubu moja la kambare lilicheza.