Chupa ya Mzee Kabla

Mtaalamu aliinua chupa kwa mikono yenye glavu nyeupe, akaizungusha polepole chini ya taa ya meza, kisha akaisogeza lebo karibu na jicho. Magadi, aliyekaa benchi la pili, alimkazia macho. Lebo ile aliibandika mwenyewe siku tisa zilizopita.

Ukumbi ulikuwa kimya hata feni ikasikika inavyolalamika. Kulia walikaa watu wa bia ya Nanga, suti zimenyooka, nyuso zimetulia. Kushoto walikaa watu wa bia ya Tarumbeta, na Magadi katikati yao, shati limemganda mgongoni. Mbele walikaa wajumbe watatu wa tume, na kazi yao ilikuwa moja tu: kuamua kati ya bia hizo mbili ipi ilitangulia kuzaliwa. Itakayoshinda ingeandikwa "Bia ya Taifa" kwenye kila chupa.

Nanga walikuwa na ushahidi wao, chupa iliyotengenezwa miaka miwili kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa. Tarumbeta walikuwa na maneno matupu. Vitabu vyao na lebo zao zote za zamani zilichomwa na wenye kiwanda wa kwanza, mwaka uleule wa bendera, ili bia ionekane imezaliwa pamoja na nchi. Siku zile watu walitaka kipya. Siku hizi wanataka kizee, na majivu hayatoi ushahidi.

Mtu mmoja tu alikuwa amesema vingine. Baba yake Magadi ndiye aliyekuwa mbandika lebo wa kwanza pale kiwandani, kwa brashi na gundi ya unga, na mpaka anaingia kaburini alishikilia kwamba alianza kazi hiyo miaka mitatu kabla ya bendera. Kwenye baa walimfanya kichekesho. "Mzee Kabla huyo anakuja," walisema, "leo atatuambia alizaliwa kabla ya babu yake." Hata siku ya mazishi mlevi mmoja alilitaja jina hilo, watu wakacheka chinichini. Magadi aliwasikia, na uchungu ule haukumtoka.

Ndiyo maana tume ilipoundwa alikwenda kwa mama yake.

"Mama, baba hakuacha chochote?"

Mama alivuta furushi la kitambaa kutoka uvunguni. "Aliacha hii. Mkabidhi mwenyekiti mkononi, usiipitishe kwingine."

Magadi alilifungulia furushi kazini. Ndani mlikuwa na chupa nyeusi tii, imeganda uchafu kama sufuria ya kuni. Alimhurumia mama yake, akaona uzee umeshaanza kumchezea. Lakini umbo la chupa lilikuwa la zamani kweli, na chini ilikuwa na alama ya kiwanda cha vioo kilichokufa kitambo. Yeye alikuwa msimamizi wa kuosha chupa kwa miaka thelathini na mmoja, jina la Magadi lilitoka hukohuko, na mikono iliyozoea haisubiri kutumwa. Aliizamisha kwenye maji ya moto ya magadi. Ikatoka inameta.

Ilipungukiwa na maneno tu, na maneno aliyajua. Kibao cha zamani cha kuchapia picha ya tarumbeta kilikuwa kikizuia mlango wa stoo usijifunge. Alichana ukurasa mtupu wa kitabu kikuukuu, akauchapa, akaweka mwaka aliousikia kwa baba yake mara elfu, akakoroga gundi ya unga. Huu si uongo, alijiambia. Ni ukweli ninaouvalisha nguo. Lakini alijua pia kwamba wanaovalisha nguo za namna hiyo hufungwa.

Mtaalamu aliiweka chupa mezani.

"Karatasi ni ya miaka hiyo," alisema. "Kibao kilichochapia ni cha wakati huo. Gundi ni ya unga. Sina pingamizi."

Benchi la kushoto likanong'ona kwa furaha. Mtu akampiga Magadi begani. Wakili wa Nanga akasimama taratibu.

"Mwenyekiti, chupa haitembei yenyewe. Nani aliitunza miaka yote hii?"

"Mjane wa marehemu yupo," mwenyekiti alisema. "Mama, tafadhali sogea."

Mama alikuwa amekaa karibu na mlango tangu asubuhi, amekuja kwa miguu yake bila kuitwa, na Magadi hakuwa amemdokezea hata neno moja kuhusu lebo. Alipopita karibu naye, Magadi aliinama kama anayefunga kamba za kiatu.

"Mama, jibu ndiyo tu."

"Tangu lini mtoto akamfundisha mama yake kusema?" alijibu, wala hakusimama.

Aliipokea chupa kwa mikono miwili. Akapitisha kidole kwenye mdomo wa chupa, kikanasa mahali palipomeguka.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Pengo hili nililitia mimi, niliiangusha jikoni."

Mwenyekiti akaandika. Wakili wa Nanga akaketi. Magadi alifumba macho, akamwona baba yake akipita mbele ya baa na hakuna anayecheka.

Alipoyafumbua, mama alikuwa bado ameishika chupa. Aliigeuza upande huu, akaigeuza upande wa pili, akaikwangua lebo kidogo kwa ukucha. Kisha akamtazama mwanawe.

"Sasa hii mpya ya nini, mwanangu? Ile aliyoibandika baba yako niliifunika mwenyewe kwa nta na masizi, wenye kiwanda wasije wakaiona wakaichoma. Umeiweka wapi?"