Maneno ya Mwisho, Bila Kukatwa

Siku hizi hitima ya arobaini haianzi mpaka wafiwa wasome kwa sauti maneno ya mwisho ya marehemu, kama mtambo wa nyumbani ulivyoyanasa. Ya mama yake Mwanakheri yalichapwa yamekatika: "Mwanangu, naomba maji, au..."

Mwanakheri akajikokota hadi ofisi ya mitambo hiyo kudai yaliyobaki.

"Safu ya kuchapia ilikuwa nyembamba, dada," karani alisema. "Nimeipanua. Sasa yametoka yote, pamoja na majibu yako."

Mwanakheri akasoma. "...au bado umechoka?" Chini yake lilikuwa jibu: "Mama, niache nilale."

"Nirudishie nakala ile ya kwanza."

"Ikishatoka kamili, ya kwanza inafutika. Nani atasoma hitimani?"

"Mimi. Alikuwa na mimi tu."