Pole ya Ndege

Ndege ya Raya ilivunjika tena kwenye jaribio la kompyuta, ikiwa na kasi mara tano ya ile ya sauti, na ofisi nzima ikaitikia kama kawaida yao: "Pole!"

"Ongeza ugumu wa bawa," akashauri Mzee Shaibu, mkuu wao.

Raya alibana rula ya chuma ukingoni mwa meza, akaipiga kwa kidole. Ikapinda, ikatetemeka, lakini haikuvunjika. Mwaka mzima programu yake ilikokotoa kuruka peke yake na kupinda peke yake, kana kwamba bawa linalopinda si lilelile linaloruka.

"Mzee, tuliache lipinde," alisema. Akaziunganisha hizo hesabu mbili, akabonyeza kuanza jaribio upya.

Kasi ikafika palepale ndege ilipokuwa ikivunjika. Mabawa yakapinda, yakatetemeka, ndege ikazidi kwenda. Nyuma ya Raya midomo ya wenzake ilikuwa wazi, tayari kwa ile "Pole!" isiyohitajika tena.