Maziwa ya Kantengwa

Mgeni alikuwa ameshanyoosha mkono apokee kibuyu cha maziwa, mzigo bado uko mgongoni, Kantengwa alipokifunika tena kwa kifuniko cha ukindu alichokisuka mwenyewe.

"Akae kwanza," alimwambia mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akimwongoza mgeni huyo na wazungu wenzake tangu juzi, kilima kwa kilima, kuwaonyesha wasukaji na wafugaji wa Karagwe. "Maziwa hayanywewi wima. Mtu akinywa amesimama, ng'ombe wanakauka."

"Shangazi, hawa hawajui hayo. Na Rugu tunakokwenda bado ni mbali."

"Wewe unajua."

Kiongozi akawageukia wageni wake, akasema jambo kwa Kiingereza. Yule wa mbele akakunja pua na kurudisha mkono. Wenzake wakakitazama kibuyu kama mzoga.

"Umewaambia nini?"

Kiongozi akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimelegea. "Kwamba yameharibika. Ili tuondoke bila ugomvi."

Kibuyu kile Kantengwa alikuwa amekisafisha kwa kukifukiza moshi wa nyasi asubuhi ile ile, kama kila siku ya maisha yake ya ndoa.

Hakupandisha sauti. Aliburuta mkeka hadi katikati ya njia, akaketi, akanyoosha miguu. Akafunua kibuyu na kunywa taratibu, macho yake kwa wageni, mpaka utando mweupe ukabaki juu ya mdomo. Hakuufuta.

"Haya," alisema. "Waambie tena."