Kadi Iliyonukia Udi

Hemedi, muuza kompyuta, aliweka juu ya meza kadi mbili za picha, zile zinazofungwa ndani ya kompyuta kuendesha video. Moja ilikuwa mpya, ndani ya boksi, na waranti yake. Nyingine ilikuwa imetumika, bei ileile, ila nguvu zake zilikuwa kubwa zaidi.

"Chukua mpya, dada Shemsa. Ya mtumba huijui imelelewa wapi. Vumbi ndilo linaloziua hizi."

Shemsa alikuwa mhariri wa video za harusi. Kadi yake iliungua juzi, na bibi harusi mmoja hakuacha kumpigia simu akidai video yake.

"Tuijaribu kwanza hiyo ya mtumba," alisema.

Hemedi akaifunga kwenye kompyuta, akaichezesha video ya harusi aliyokuja nayo Shemsa. Kadi ilipopata moto, feni zikaanza kupuliza harufu. Hemedi akaona haya.

"Udi huo. Mwenyewe wa zamani alikuwa akifukiza chumba." Akanyoosha mkono aizime.

"Iache, kaka. Nani anafukiza chumba hajakifagia?"

Kwenye skrini, picha haikukwama hata kidogo. Bibi harusi alikuwa anafunuliwa shela, taratibu, na duka zima likanukia kana kwamba yumo mlemle ndani.