Duka la Chini ya Ngazi

Virginie alipofika kwenye mlango wa nyuma, balo zake za vitenge zilikuwa tayari zinatolewa nje. Agathe ameshika upande mmoja, Hélène upande wa pili, na hakuna aliyeshtuka kumwona.

Aliuliza wanafanya nini. Akauliza tena, safari hii kwa sauti iliyowafanya wauza mikate wa barabarani wageuke, na Agathe akamwambia tu apishe njia.

Na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kufungua, jamani. Jengo lile la katikati ya mji zamani lilikuwa magazini moja kubwa, duka la kifahari, vioo mpaka chini, mahali ambapo mabibi wa wakubwa walinunua manukato. Waporaji walilimaliza, likakaa tupu miaka na miaka, kisha majeshi mawili ya wageni yalipopigania Kisangani mwezi wa sita, mabomu yakalitoboa paa. Wafanyabiashara wadogo ndio waliolifagia, wakaukata ukumbi kwa mbao, wakapiga kura ya nafasi. Virginie alipata duka la chini ya ngazi, ambalo kila apandaye na kila ashukaye lazima alipite. Agathe, mwuza samaki wa chumvi kutoka Isangi, alikuwa amelitaka kwa udi na uvumba, akaangukia la nyuma kabisa, karibu na choo. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Ndani ya duka lile kulikuwa na kila kitu ambacho Virginie na mumewe Mbusa walikuwa nacho duniani: vitenge, sabuni, chumvi. Hata cherehani walikuwa wameiuza. Mbusa mwenyewe alikuwa amekwenda kwa baiskeli upande wa Banalia kutafuta mawese, na aliahidi kurudi kabla ya kufungua. Amechelewa, lakini barabara ile siku hizi ina askari wa kila aina, na kuchelewa ndiyo kawaida yake.

Wizi wa Agathe, Virginie aliuelewa. Wa Hélène ndio uliomuuma. Hélène alikuwa mke wa kaka yake Mbusa, yule aliyefariki mwaka uliopita. Zamani alikuwa na duka la maana. Baada ya kilio ukoo ukabeba vyote, akabaki anauza ndizi juu ya gunia, na Virginie ndiye aliyekuwa akimpa sabuni ya kuogeshea watoto. Leo sabuni ile ile anaipakia kwenye karai na kutoka nayo.

Akakimbilia kwa Papa Dominique, mkuu wa kamati. Alimkuta nje, amezungukwa na vijana wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli. Walikuwa wamefika kutoka Bengamisa, njia ile ile ya Banalia, asubuhi hiyo, baiskeli hazina mzigo wowote, na walipomwona wakainamia minyororo ya baiskeli zao.

Virginie alimwaga yote. Papa Dominique, ambaye juzi tu alimtoza faini kwa kuacha ufagio njiani, leo hakuwa na sheria hata moja. Alimvutia kiti. Akaagiza sahani ya lituma, zile ndizi za kuponda, na samaki.

"Kula kwanza, mama."

"Sina njala, papa. Nataka duka yangu."

"Najua. Kula kwanza."

Alitamani kumrushia ile sahani. Ndivyo walivyo hawa wakubwa wa kamati, wanakushibisha ili ukose mdomo wa kulalamika. Wanawake kadhaa wakaja kuketi pembeni yake, bila kuitwa, na mmoja akamtolea samaki miiba kama anamlisha mtoto. Hakuna aliyemtazama usoni. Basi wamehongwa wote, Virginie akajisemea. Jengo zima limenunuliwa kwa samaki wa chumvi.

Aliisukuma sahani, akarudi ndani. Mchoraji alikuwa amesimama juu ya meza, amekwisha kulifuta jina lake kwenye kibao cha duka, anamalizia kuandika "Chez Agathe".

Hapo machozi ya hasira yakamtoka. Alijua ni mtu mmoja tu angeweza kumsaidia: Muhindo, kaka mkubwa wa Mbusa, mwenye sauti katika ukoo wote. Akatoka kumwomba kijana wa toleka ampeleke. Kijana akamtazama Papa Dominique, akasema tairi limetoboka. Mwenzake naye, tairi. Aliyefuata hakujisumbua hata kutafuta uongo, aligeuka tu akampa mgongo. Virginie akavua viatu aende kwa miguu, na wale wanawake wakamshika nguo.

Hakuhitaji kwenda. Muhindo alikuwa anavuka barabara, na nyuma yake watu wawili wanasukuma mkokoteni. Mungu ni mkubwa. Virginie alijinasua, akamkimbilia, akamweleza yote kwa pumzi moja, kwamba wamempora mchana kweupe, kwamba hata jina wamelifuta.

Muhindo hakumsalimu. Alimpita, akaingia, akasimama mbele ya duka la chini ya ngazi. Ndani hakukuwa na kitu ila makapu ya samaki wa Agathe. Virginie alifuata mbio, akasimama karibu naye, akisubiri asikie Agathe atakavyotukanwa.

"Nimekuya kubeba vitu ya marehemu ndugu yangu," Muhindo alisema.

Agathe alitoka mle ndani polepole, akaja kusimama na Virginie, bega kwa bega.

"Hapa iko kwangu, papa. Soma jina kule juu. Mbusa hakuacha kitu."

Na kwa nyuma, mahali ambapo Muhindo hakuona, mkono wa Agathe ulikuwa umemshika Virginie kiunoni, umemkaza, asianguke na asiseme.