Kompyuta ya Marehemu Haron

Kila neno hapa ni kweli, na kama kuna hata moja la uongo, basi mvua haijawahi kunyesha Nyacheki.

Ian alimaliza kikombe cha chai, akala na ndizi ya kuchemsha, na ile kompyuta ilikuwa bado haijamaliza kuwaka. Ilipowaka mwishowe, mshale ulivuka kioo kama kinyonga aliyeshiba. Akabonyeza. Ikakwama.

"Iko na mzimu?" akauliza mzee aliyemleta, bila kucheka.

"Iko na mzigo, mzee. Kuna kitu ndani kinakula nguvu yake."

Chai yenyewe ilikuwa imechelewa, maana mzee alifungua kila kabati la jikoni kabla ya kuiona sukari. "Wanawake huhamisha vitu," alisema.

Alikuwa amejitambulisha kuwa ni Angwenyi. Jumamosi hiyo asubuhi alifika kibandani kwa Ian pale Masimba, koti limefungwa vifungo hadi shingoni, akasema kompyuta ya marehemu mwanawe Haron imekuwa nzito na anataka irudi kuwa nyepesi leo leo. Mafundi wengine wa Masimba ni Wasabato, walikuwa kanisani. Ian ni Mtaita wa Voi, mgeni kabisa, kazi bado anaziokota moja moja. Akabeba begi lake.

Boma, huko Nyacheki, walilikuta tupu. Watu wote wameenda kanisani, mzee alieleza, pamoja na Damaris, mjane wa Haron. Kando ya nyumba udongo wa kaburi ulikuwa bado mwekundu, maua ya plastiki yamelala kwenye matope. Mzee alilipita akiangalia upande wa shamba la chai. Mbwa aliyefungwa kwenye mgomba alimbwekea hadi sauti ikakauka.

"Hata mbwa amebadilika tangu msiba," mzee alisema, akaingia ndani na kujitupa kwenye kiti cha mwenye nyumba, miguu juu ya meza ndogo.

Shida ilikuwa diski. Ilikuwa imejaa pomoni. Ian akafuata faili kubwa moja baada ya nyingine, na zote zilitoka mahali pamoja: kamera ambayo Haron aliitundika juu ya lango, ikitazama barabara. Mchana na usiku ilikuwa ikimimina video humu, hadi mashine ikakosa pa kupumulia.

"Kwa hivyo imeweka yote?" mzee akauliza.

"Yote, tangu mwaka jana. Hata ile siku..."

Masimba nzima ilijua habari ya ile siku. Haron aligongwa na gari mbele ya lango lake mwenyewe, na mwenye gari hajajulikana hadi leo.

"Mzee, huenda hilo gari liko humu. Nipe hadi jioni, naweza kukutolea hata namba yake."

Mvua ikaanza kupiga mabati. Mzee alishusha miguu mezani polepole.

"Fundi, wewe una mtoto?"

"Bado."

"Basi huwezi kuelewa. Ile siku niliiona kwa macho yangu. Ukifungua hiyo video, kesho iko kwenye simu ya kila mtu pale steji, watu wanakula chipsi wakimtazama Haron akifa. Mama yake ataonyeshwa. Futa."

"Na mwenye gari?"

"Mungu anamjua. Futa yote."

Ian alimkumbuka baba yake mwenyewe. Akafuta.

"Zimeenda kabisa?"

"Ziko kwenye pipa la taka. Zinaweza kurudishwa."

"Na nani?"

"Fundi yeyote."

"Basi mwaga hilo pipa."

Ian akamwaga. "Sasa ni mpaka apatikane mtu mwenye programu kali sana."

Mkono wa mzee ukatua begani kwake. Ulikuwa mzito kuliko alivyotarajia. "Na wewe huna programu kali kuliko ya huyo mtu?"

Alikuwa nayo. Ni ile inayoandika upuuzi juu ya kila nafasi tupu, mara kwa mara, hadi kusibaki hata unyayo wa kilichokuwapo. Aliiwasha kwa huruma tu, akakaa kuingoja. Mzee hakuketi tena. Alisimama nyuma ya Ian muda wote, akipumua.

Kazi ilipokwisha, Ian akaizima mashine na kuiwasha upya. Ikawa tayari kabla hajaondoa kidole kwenye kitufe.

"Umetusaidia sana, omwana one, mwanangu," mzee alisema, kwa mara ya kwanza akitabasamu. "Ngoja nikukatie mkungu wa ndizi." Akatoka kwa mlango wa jikoni. Mbwa alibweka huko nyuma, kisha akanyamaza ghafla.

Ian alikuwa anafunga begi aliposikia sauti upande wa mbele.

"Nani yuko humo?"

Uani alisimama mzee mwingine, amevaa suti, Biblia ameifunga kwenye mfuko wa plastiki, maji yakimtiririka kutoka kwenye kofia.

"Fundi wa kompyuta," Ian akajibu.

"Wewe ndiye yule wa Masimba? Damaris alikuwa aje kwako kesho. Tumeambiwa kamera ya lango huweka picha, tunataka kuona lile gari."

Ian alisogea pembeni mlangoni. "Ingia ndani kwanza, mzee. Unalowa."

"Siingii."

"Mlango uko wazi."

"Naona wewe si wa huku. Kwetu sisi Wakisii, mwana akishaoa, baba yake havuki mlango wake, hata kama huyo mwana amekufa." Akajipangusa maji usoni kwa kiganja. "Hii nyumba nilimjengea Haron kwa mikono yangu, na tangu alipooa sijui hata kuta zake ni za rangi gani."